Ujumbe Aliompa Mbuzi

Nashon Sifuna alikuwa na kofia. Naanza na kofia kwa sababu mwenyewe angeanza nayo. Mbele ilikuwa na beji ya shaba, na kwenye beji bendera ya nchi moja ya Ulaya, ndogo hivi kwamba hata mimi, niliyemaliza darasa la nne na la tano nikalichungulia dirishani, sijawahi kuiona kwenye ramani. Balozi wa nchi hiyo alikaa Lavington na ofisi yake ilikuwa mjini, karibu na Barabara ya Delamere. Nashon alikuwa tarishi wake. Asubuhi alibeba mkoba wa barua kutoka nyumbani hadi ofisini, mchana kutoka ofisini hadi Posta, jioni akarudi na simu za maandishi, yote hayo kwa baiskeli nyeusi aliyoing'arisha kuliko viatu vyake.

Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Naliaka wa Kimilili, na kazi hiyo ni mimi niliyemtafutia. Mimi nilikuwa mpishi wa Balozi. Sijisifu, lakini wageni wa nyumba ile walikuwa wakiuliza kwanza kama Joash yupo jikoni ndipo wakubali mwaliko.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Msituni kulikuwa na vita, mjini kulikuwa na kafyu, na Mkikuyu hakupiga hatua bila kipande na pasi. Sisi wa magharibi tulipita, lakini kwa kupekuliwa. Mimi walinipekua mpaka mfuko wa vitunguu. Nashon walimpigia saluti. Kofia ile, wacha tu.

Kitu kimoja nitampa heshima yake, ingawa ni mpwa wangu na kumsifu si desturi yangu: alijua kumsikiliza Balozi. Balozi hakusema "fanya", alisema "ingependeza". Akisema "labda", ujue ni lazima. Akisema "tutaona", nenda zako, mambo yamekwisha. Nashon alisema ndivyo mabalozi wote duniani wanavyoongea, hata vita vikija wanaandikiana kwamba hali si ya kupendeza.

Alikuwa amemwoa Wangeci, binti wa Riruta. Wazee wetu walipiga kelele, wazee wao wakapiga kelele, nikaenda mimi nikasema maneno mawili matatu, kelele zikaisha. Baba ya Wangeci alikuwa amekufa zamani. Alibaki mama yake, Wamucii, na kaka yake, Kihara, ambaye alishona nguo kwenye baraza la duka la Mhindi, River Road. Siku za kazi alilala chumba cha nyuma pale pale, Jumamosi alasiri anakwenda kwa mama. Kihara alikuwa mtu wa mzaha. Aliwahi kumshonea Nashon suruali yenye mifuko mitatu upande mmoja na upande wa pili hakuna, akamwambia, "Shemeji, hiyo ni ya tarishi, mzigo ukae upande mmoja." Nashon akaivaa mpaka ikachanika. Walipendana hivyo.

Sasa mama mkwe. Kwetu Bukusu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Huli mbele yake, huingii nyumbani mwake, humtaji jina. Wakikuyu nao wana heshima ya namna hiyo, ila nyepesi kidogo. Nashon akachukua ile nzito ya kwetu, na Wamucii, mama wa adabu, akakubali kuibeba naye. Mtu wa tatu akiwepo, maneno yalipitia kwake. Asipokuwepo, kila mmoja aligeukia kwake na kuzungumza na mnyama yeyote aliyekuwa karibu, na mwenzake akasikia kwa bahati. Msicheke. Mimi mama mkwe wangu nimeongea naye kwa kuku miaka kumi na miwili na hatukugombana hata siku moja. Jaribuni nyinyi mnaotazamana.

Mwaka wa hamsini na nne, Februari, Wangeci alizaa msichana wa pili. Kwao mtoto huyo huchukua jina la mama ya mama, kwa hiyo akaitwa Wamucii. Kilichobaki ni kumpeleka Riruta nyanya yake alione jina lake likitembea, au tuseme likilia. Mambo hayo yana njia yake: wanawake wanatangulia na habari, kisha siku inawekwa. Kwa sababu ya kafyu na pasi, siku ilikuwa haijawekwa. Nyanya alikuwa anangoja.

Alhamisi moja ya Aprili nilikuwa mezani na birika la chai. Nashon alisimama mlangoni akingoja mkoba. Balozi alikuwa anapasua yai lake.

"Nashon," akasema bila kuinua macho, "ndugu za mke wako wanakaa wapi?"

"Riruta, Bwana. Ila shemeji yangu anashona mjini."

"Aha." Akanyunyiza chumvi. "Jumamosi hii hewa itakuwa nzuri sana huko Riruta. Ingependeza mtu akiwa kwao mashambani. Labda tangu Ijumaa."

"Ndiyo, Bwana."

"Mjini kutakuwa na vumbi."

Mimi nilisikia hewa, nikatoka nje kutazama mawingu. Ilikuwa masika, mvua imejaa mbinguni, vumbi litoke wapi? Nikamwambia Muchiri, mtunza bustani, "Balozi anasema Jumamosi hakuna mvua. Anika blanketi zako."

"Blanketi gani?" Muchiri akasema kwa uchungu. "Mimi nimeambiwa kesho niende kwetu Kiambu mpaka Jumanne. Sikuomba ruhusa. Nimekosa nini, Mzee Joash?"

"Labda umepalilia maua ukaacha magugu."

Ona akili yangu! Mkikuyu mmoja anafukuzwa mjini kwa lazima, wa pili anatafutiwa hewa nzuri, na mimi nafanya mzaha wa magugu. Nashon aliingia jikoni uso umebadilika.

"Mjomba, kuna jambo."

"Sema."

"Siwezi. Ya Balozi ni ya Balozi."

"Basi usiseme, mimi nina maandazi kwenye mafuta." Nikamgeuzia mgongo. Siri ilimkalia kichwani kama ile beji, na mimi nilidhani ni maringo tu.

Alikuwa ameelewa vizuri kabisa: Jumamosi mji utafungwa, na mwanamume wa Kikuyu atakayekutwa ndani atachukuliwa. Mchana ule ule akapiga baiskeli hadi River Road. Cherehani ya Kihara ilikuwa imefunikwa gunia.

"Amekwenda kwao kuezeka jiko la mama," Mhindi akamwambia. "Kesho jioni anarudi. Jumamosi asubuhi kuna bwana harusi anachukua suti. Wewe ukimwona mwambie asinitie aibu."

Ijumaa, baada ya Posta, Nashon akashika njia ya Riruta. Matope mekundu mpaka kwenye breki. Askari wakampigia saluti. Alipofika, Kihara hakuwepo. Uani alikuwa Wamucii peke yake, anapukuchua maharagwe. Alipoona kofia juu ya ua wa miti, akageukia ukuta. Nashon naye akageuka. Mbele yake kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye mti.

"Mbuzi," akasema, "uliza kama wenye boma hawajambo."

"Mbuzi, sema ni wazima. Uliza kama watoto wa huko kwa Mzungu wanalala vizuri."

"Mbuzi, sema wanalala. Uliza Kihara amekwenda wapi."

"Mbuzi, sema amekwenda Dagoretti kutafuta misumari. Akirudi anakula, halafu anashika basi la mjini kabla ya kafyu."

Hapo ndipo neno lilipomkwama. Kwetu, mkwe haingizi maneno mabaya katika boma la mama mkwe. Mwanamume akisimama uani kwa mama wa mke wake na kusema, "Mtoto wako atashikwa," ni kama amemwitia hayo mabaya kwa mdomo wake. Habari kama hiyo hupelekwa na mzee wa ukoo. Na mzee mwenyewe ni mimi, niko Lavington nakanda unga na sijui kitu. Kumngoja Kihara? Balozi alikuwa anangoja baiskeli na simu ya jioni. Ndivyo alivyojieleza baadaye. Lakini pia alikiri kwangu kwamba alikuwa amepata mpango, na mpango ule ulimpendeza. Alijiona balozi.

"Mbuzi," akasema, "mwambie mwenye boma kesho tunamleta mtoto."

Maharagwe yakamwagika kwenye ungo.

"Mbuzi, uliza mtoto yupi."

"Huyu mwenye jina lake."

Nashon alimsikia akipangusa mikono kwenye nguo, akapangusa tena.

"Kwa hiyo, mbuzi, ingependeza watu wote wa boma wawe hapa. Kihara zaidi. Mtoto lazima aonwe na mjomba wake. Asilale mjini."

"Mbuzi, sema atakuwepo. Hata kama ni kumfunga hapo ulipofungwa wewe."

Nashon akaondoka. Njia nzima, aliniambia, alikuwa anacheka peke yake. Hakutaja askari, hakutaja ubaya, hakutoa siri ya Balozi, na Kihara atakaa nyumbani. Jumamosi mchana angetuma mtu aseme mtoto ana homa. Alikuja jikoni kwangu anapiga mluzi, akala maandazi manne bila kuomba.

Sasa niulizeni mimi, ambaye sijasoma ubalozi. Mama akiambiwa kesho mjukuu mwenye jina lake anakuja na wakwe, anafanya nini? Anafungua kopo la sukari! Na kopo lilikuwa tupu. Mchele hakuna. Na mwanawe wa pekee ana shati la kuezekea lenye masizi. Kihara hajaweka misumari chini, ameshaambiwa:

"Kimbia mjini. Sukari, mchele, na ulete koti lako jeusi. Nashon anamleta mtoto kesho!"

"Lakini si unasema ameagiza nisilale mjini?"

"Kwani nimekutuma ukalale? Kafyu ikikukuta, funga jicho moja, uamke na basi la kwanza. Wageni gani wanakuja alfajiri?"

Kihara akaenda anaimba.

Alfajiri mji ulikuwa umezungukwa. Malori, waya wa miiba, askari kila njia. Nashon alipita na mkoba wake kwa nguvu ya kofia, moyo umetulia, maana alijua Kihara yuko kwa mama. Wanaume walikuwa wamechuchumaa barabarani kwa mistari, mikono kichwani. Mbele yao alisimama mchongezi aliyefunikwa gunia usoni lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, mtu anatolewa. Karibu na River Road lori lilikuwa linajazwa, na juu ya lori akamwona mtu amevaa koti jeusi, kakumbatia kifurushi cha karatasi ya buluu, ile ya sukari.

"Shemeji!" Kihara akaita. Hakuwa na hofu hata kidogo, alikuwa na haraka tu. "Shemeji, mwambie mama nimechelewa! Mtoto asiondoke kabla sijafika!"

Ofisa akamgeukia Nashon. "Unamjua huyu?"

"Ni shemeji yangu, Bwana. Ni mtu mzuri."

"Leo wote ni wazuri," ofisa akasema, na lori likaondoka.

Jioni Nashon aliingia jikoni akakaa sakafuni, kwenye maganda ya viazi. Akaniambia habari ya hewa na vumbi. Ya mbuzi hakuniambia.

"Siwezi kwenda Riruta, mjomba. Nenda wewe. Wewe ni mzee."

Nikaenda Jumapili. Uani kulikuwa kumefagiwa, mchanga bado una alama za ufagio, na viti vya majirani vimepangwa mstari. Wanawake walikuwa wamengoja Jumamosi nzima. Nilisema nilichotumwa: Kihara ameshikwa mjini.

Wamucii alinitazama. Mimi si mkwe wake, aliweza kunitazama.

"Nilimtuma mwenyewe," akasema. "Sukari." Kisha akauliza, kwa adabu, "Mtoto anaumwa? Mbona hamkuja?"

Nilikuwa sijui kulikuwa na kuja. Nikasema ndiyo, anaumwa. Niliporudi nikamkamata Nashon shati, ndipo akanieleza yote, mpaka rangi ya mbuzi.

Nilijaribu kumtuliza. "Angekwenda mjini tu. Kulikuwa na suti ya harusi."

"Angekwenda kwa suti ya mtu, mjomba. Yeye alikwenda kwa mdomo wangu. Na kama mdomo huo ungesema ukweli, asingekwenda kabisa."

Nikarudi kukanda unga wangu.

Nashon alimwomba Balozi. Alisimama mlangoni wakati wa chai, kofia mkononi, akaeleza habari za shemeji yake, fundi wa nguo, mtu asiye na siasa. Balozi alisikiliza vizuri. Alisikitika, nilimwona. "Tutaona," akasema. Kesho yake aliomba mayai yapikwe kidogo zaidi.

Kihara akapelekwa kambi moja, kisha nyingine, kisha nyingine huko kwenye joto. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Wangeci alimpeleka mtoto mwenyewe, kimya kimya, siku alipopata pasi. Alisema mama alimpakata mtoto mpaka jua likageuka, lakini hakupika kitu. Wanawake wakija kumtazama, Wamucii aliwaambia neno lile lile: "Mimi nilimuuza mwanangu kwa ratili mbili za sukari." Wangeci alirudi na maneno hayo, akayarudia mezani kwa huruma, na Nashon akaendelea kukata ugali.

"Mwambie mke wako," nikamwambia faraghani. "Mwambie, naye amwambie mama."

"Ataniacha."

"Basi mwambie mama."

"Mjomba, mkwe hazungumzi na mama mkwe. Ni wewe uliyenifundisha."

Kweli, ni mimi. Na nikaona jinsi mtu anavyoweza kujificha ndani ya heshima kama ndani ya kabati, akafunga mlango kwa ndani. Hakwenda Riruta. Akipita njia ya Kawangware na mkoba, akiona mama yeyote mwenye mzigo wa kuni mgongoni, aliingia majanini, hata kama si mama mkwe wake. Watu walisifu: huyo kijana ana adabu! Kila akisifiwa alikonda.

Kihara alirudi mwaka wa hamsini na nane. Alikuja Lavington kwanza, kwenye vyumba vya watumishi nyuma ya jikoni. Wangeci alikuwa ametoka na watoto. Tulikuwa mimi na Nashon tu. Nilimpa kiti, nikampa chai, akakishika kikombe kwa mikono miwili kwa sababu mmoja ulikuwa unatetemeka. Mkono wa fundi wa nguo.

"Shemeji," akasema, "nimekuwa na swali moja. Mengine yote nimeyamaliza huko. Siku ile mtoto alikuwa anakuja kweli?"

Nashon alinitazama mimi. Nikatazama sufuria.

"Hapana," akasema.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukashindwa kusema, 'Kihara, toroka'? Maneno mawili?"

"Ningeyasemaje mbele ya mama? Ni mwiko kwetu. Nilidhani..."

Kihara akacheka, kile kicheko chake cha zamani, ila sasa kilikuwa na kikohozi ndani. "Sikiliza, shemeji. Mimi nimepigwa miaka minne niseme ninachojua, na sikujua kitu. Wewe uliyejua hukuulizwa hata siku moja."

Akanywa chai yake yote. Kisha akasema, "Mimi sina kesi na wewe. Ningekuwa nayo ningeileta na fimbo. Lakini mama yangu amezeeka akiwa amebeba kosa lako. Nenda ukalichukue."

"Nitamtuma mjomba..."

"Mjomba ashike baiskeli."

Tukaenda siku ile ile, watatu, mimi nikisukuma baiskeli kama mtumishi. Wamucii alikuwa uani. Alipomwona Nashon akaanza kugeuka ukutani, na Nashon akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama, usigeuke."

Akageuka kumtazama, nafikiri kwa mshtuko tu. Nashon alivua kofia akasema yote, kuanzia yai la Balozi. Alisema polepole, bila "ingependeza" hata moja. Alipofika kwenye sukari, mama akainua mkono kama anataka kumziba mdomo, kisha akauteremsha.

"Habari ya mtoto hailetwi na baba yake," akasema mwishowe. "Inaletwa na wanawake. Nililijua hilo siku ile ile. Na nilisikia pumzi yako, ulikuwa unahema kama mtu aliyefukuzwa. Nikajiambia, kuna kitu. Halafu nikajiambia, lakini mtoto anakuja."

"Basi mama, kosa si lako. Ni langu mimi."

"Nani amekuambia tunagawana?" Alisogea karibu, mfupi, kichwa kinamfikia Nashon kifuani. "Lako ni lako, langu ni langu. Umekuja kuchukua lako, chukua. Langu niachie. Na usilie uani kwangu, majirani watadhani nimekupiga."

Kihara alikuwa ameketi kwenye jiwe, anatazama paa la jiko aliloezeka.

Mimi na Nashon tulirudi jioni mapema, kafyu au hakuna sikumbuki. Heshima ile ikivunjika hairudi. Tangu siku hiyo Nashon alikwenda Riruta mara kwa mara, na Wamucii alimgombeza uso kwa uso, mbele ya watu, kwa kila kitu: viatu, mke, mvua kuchelewa. Nashon alisimama akasikiliza mpaka mama akamaliza.

Lakini jioni ile, njiani, Nashon alitembea mbele yangu. Tulipofika mteremko wa Kawangware akasimama.

"Mjomba, mama anafanana na Kihara," akasema. "Macho, pua, kila kitu. Miaka yote hii sikujua."

Nikatafuta mzaha wa kumjibu, mimi ambaye sikosi. Nikasukuma baiskeli.